Hewa ya Bure ya Kipkosgei

Ndugu zangu wakulima wa Boito, sogeeni niwape habari za jirani yangu Kipkosgei, mzee wa kanisa na msimamizi wa kompresa, ile mashine inayosukuma hewa kwenye mabomba ya kiwanda chetu cha chai.

Jumapili moja jua lilitoka baada ya mvua, kiwanda kikiwa kimefungwa. Rodah, mkewe, alimpelekea ugali na mursik, maziwa yetu ya mgando, wakakaa mlangoni mwa chumba cha kompresa kula. Kulikuwa na amani tele, ila kompresa ilinguruma kana kwamba kazi imejaa.

"Baba Nelvine, leo hakuna mtu kazini. Hiyo hewa inaenda wapi?" Rodah aliuliza.

"Inapotea kidogo tu. Hewa ni ya Mungu, haiishi."

"Ya Mungu ni hii iko nje. Hiyo ya ndani imepikwa na stima."

Kipkosgei alicheka sana.

Ukweli usemwe. Mabomba yalivuja kwenye kila kiungo, naye aliyafunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Hewa ikipungua hakutafuta tundu. Aliongeza presha, na matundu yakavuja zaidi. Tena wakati wa mvua aliruhusu watu kukausha gambuti kwa mpira unaopuliza hewa ya kompresa. Kwaya nzima ilikausha makoti pale kabla ya mazoezi. Nani angemkemea? Mimi mwenyewe nilikausha soksi.

Meneja, Bi. Mokeira, alikuwa ameshamwonya: kompresa ikisimama kwa uzembe, atafute kazi nyingine.

Jumanne kompresa ikasimama, imechemka kwa kukosa kupumzika. Mashine za kupakia chai hutumia hewa, kwa hiyo nazo zikasimama. Stoo ikajaa. Malori ya majani mabichi yakazuiwa getini hadi majani yakapata joto na kuwa mekundu, yakiwemo ya Rodah, aliyeyachuma tangu alfajiri na mgongo wake unaomsumbua. Niliona uchungu kumtazama.

Rodah hakulia. Kompresa ilipopoa na kuwashwa, aliingia na ndoo ya povu la sabuni.

"Mama, unafua hapa?" Bi. Mokeira aliuliza.

"Hapana, madam. Natafuta pancha."

Alipaka povu bomba baada ya bomba, na mapovu yakafura kila palipovuja hewa. Walihesabu matundu thelathini na saba. Kipkosgei alitazama viatu vyake.

Mafundi waliziba yote, presha ikashushwa, na kompresa ikaanza kupumzika kila baada ya muda. Kipkosgei naye akapumzishwa. Kazi alipewa Rodah.

Wiki iliyopita nilimkuta mzee shambani, kikapu mgongoni, amejishika kiuno. Nikamuuliza kama chai inachumika.

"Bwana, sikujua," akasema polepole. "Kumbe kujaza kikapu kimoja ni kazi namna hii. Na niliharibu majani ya watu, malori mazima."

MAFUNZO

Hewa tunayovuta ni ya bure, lakini ya kwenye bomba imekula stima, na stima hiyo inalipwa kwa pesa ya majani yetu. Kiwanda kikinyamaza, sikiliza. Ukisikia mlio wa hewa, hapo ndipo inapovuja. Tafuta tundu kabla ya kuongeza presha. Nanyi wanaume wenzangu, mke akiuliza swali kuhusu kazi yako, lijibu kwanza. Kucheka kuje baadaye, kama kutakuwa bado na sababu.