Honi ya Pijo la Mwishehe

Kila Ijumaa asubuhi Mwajabu aliosha gari la marehemu mumewe. Lilikuwa Pijo la zamani, la rangi ya maziwa, lenye umri mkubwa kuliko bintiye Naima. Alilisugua kwa kitambaa laini, kama alivyokuwa akifanya Mwishehe mwenyewe. Majirani wa Mbweni walimtania kwamba gari litaisha kwa kusuguliwa. Yeye aliendelea kusugua.

Enzi za uhai wake, Mwishehe alikuwa na desturi moja. Akirudi kutoka kazini alipiga honi mara mbili getini. Mwajabu aliacha alichoshika, akaenda kufungua.

"Mbona umechelewa?" alimuuliza, hata siku alizowahi.

Mwishehe alicheka tu. Sasa hayupo, na Mwajabu aliikumbuka honi ile kuliko alivyoweza kumwambia mtu.

Mwishehe aliacha na ahadi. "Naima atatoka nyumba hii ndani ya Pijo langu," alikuwa akisema. Harusi ya Naima ilikuwa imekaribia, na Pijo lilikuwa limeanza vituko.

Lilikuwa linazima njiani. Si kila siku. Liliweza kwenda vizuri wiki nzima, kisha likapita kwenye matuta na kuzima ghafla. Ukingoja kidogo, linawaka tena, utadhani halijafanya kitu. Honi nayo ilikoroma, na siku nyingine haikulia kabisa. Mara ya mwisho lilizima maeneo ya Wazo, malori ya saruji yakiwa nyuma yake. Naima alikuwa ndani. Alipofika nyumbani alimfuata mamake.

"Mama, mie siwezi kusukumwa barabarani na shela kichwani," alisema. "Tukodi gari jingine."

Mwajabu alichukua kitambaa, akaenda kulifuta Pijo vumbi. Aliogopa kwamba akifungua mdomo atalia.

Dereva wa Pijo alikuwa Badru, mdogo wake Mwishehe. Alikwisha kununua betri mpya. Akabadilisha na altaneta, kile kifaa kinachochaji betri. Gari likaendelea kuzima.

"Shemeji, tuliuze kwa watu wa vyuma chakavu," alisema. "Hili lilimzoea kaka. Bila yeye halitaki."

Maneno hayo yalimchoma Mwajabu, kwa sababu naye aliyaamini kidogo. Mara nyingi lilipozima aliligusa na kunong'ona, "Hata mie nimemkumbuka."

Nyumba ya jirani alipanga Jenipher, mwenyeji wa Masasi, fundi wa umeme wa magari. Jumamosi moja alikuja na korosho alizoletewa kutoka kwao.

"Shikamoo, Mama Naima."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nasikia gari linawasumbua. Niliangalie?"

Badru alikunja uso. "Tumeshabadilisha kila kitu, sista."

"Hapo ndipo mlipokosea, kaka. Usibadilishe kifaa kabla hujajua kuwa ni kibovu. Kwanza niambie, linazimaga wakati gani?"

"Likijisikia."

Jenipher alicheka. "Gari halijisikii. Kuna sababu. Linazima kwenye lami nzuri au kwenye matuta?"

Badru alifikiri. "Matuta. Karibu mara zote."

"Kabla ya kuzima, taa zinafifia?"

"Zinafifia," Mwajabu alidakia. "Na honi inakoroma."

"Basi kuna mahali waya haugusi vizuri," alisema Jenipher. "Umeme hutoka kwenye betri, hufanya kazi, kisha lazima urudi kwenye betri. Hurudi kupitia bodi ya gari na ule waya mnene pale. Sie mafundi tunauita athi. Njia ya kurudi ikiwa mbovu, kila kitu kinayumba pamoja."

Alianza na kisanduku cha fyuzi. Ndani yake akakuta karatasi inayong'aa, ile ya pakiti ya sigara.

"Nani kaweka hii?"

Badru aliangalia pembeni. "Fyuzi iliungua. Nikasema nisogee nayo kwanza."

"Fyuzi inaungua ili gari lisiungue. Ukiweka karatasi, waya utapata moto, na gari litawaka na bibi harusi ndani. Weka fyuzi ya kipimo kilekile. Ikiungua tena, tafuta sababu."

Badru alimtazama Naima aliyesimama mlangoni. Akaichukua ile karatasi, akaenda kuitupa mwenyewe.

Baada ya kuweka fyuzi, Jenipher aliwasha taa. Zilikuwa hafifu. Akachukua waya mwingine mnene, akaugusisha upande mmoja kwenye hasi ya betri na upande wa pili kwenye chuma kitupu cha bodi. Taa zikang'aa. Akauondoa, zikafifia. Akaurudisha, zikang'aa tena.

"Mmeona? Betri ni nzima. Ugonjwa uko kwenye athi."

Akazima taa. Akafungua kwanza waya wa hasi kwenye betri, ili spana isitoe cheche. Kisha akafungua bolti inayoshikilia athi kwenye bodi. Chini yake palikuwa laini, pana rangi nzuri ya maziwa.

"Nani alipaka rangi mpaka hapa?"

Mwajabu alishtuka. Alipotoka eda, kazi yake ya kwanza ilikuwa kulipeleka Pijo kwa fundi rangi. Alimwambia asiache alama ya kutu popote, hata ndani ya boneti. Alitaka lirudi kuwa kama siku ile alipolipanda mara ya kwanza, yeye na Mwishehe.

"Mie ndiye niliyesema apake kila mahali," alisema taratibu. "Kumbe nimeliua mwenyewe."

"Hujaliua, mama. Rangi haipitishi umeme, kwa hiyo waya unashika kwenye bolti tu. Gari likitikisika, unaachia. Hapa chuma kiguse chuma."

Akampa msasa. Mwajabu alisita, maana kuikwangua rangi ile kulimuuma. Lakini aliikwangua mwenyewe mpaka chuma kikang'aa, duara dogo tu, kama kifuniko cha soda. Wakasafisha pia ncha ya waya, iliyokuwa imeliwa na hewa ya chumvi. Wakakaza bolti sawasawa, wakapaka grisi juu yake kuzuia kutu. Waya wa hasi ulirudishwa mwisho.

"Tusiliamini bado," alisema Jenipher. "Twende nalo kwenye matuta, kaka."

Mwajabu alibaki jikoni akikanda unga wa chapati. Honi ikalia getini, mara mbili, safi. Akaacha unga. Akatoka mbio, mikono myeupe, akafungua geti.

"Mbona..."

Nyuma ya usukani alikuwa Badru, na kando yake Jenipher.

"Halijazima hata kwenye tuta moja, shemeji," alisema Badru.

"Nimesikia," alisema Mwajabu. Akajifuta macho kwa mkono, unga ukabaki shavuni.

Siku ya harusi, Naima alitoka nyumba ile ndani ya Pijo la babake. Mwajabu hakwenda, kwa kuwa kwa mila yao mama wa bibi harusi hubaki nyumbani. Alikaa barazani, masikio yake yakiwa barabarani. Wageni walimsemesha, naye aliitikia bila kuwasikia.

Honi ikalia mara mbili. Safari hii Mwajabu hakukimbia. Alitembea polepole, akafungua geti. Pijo likaingia, taa zake zikiwaka bila kuyumba.

"Mbona umechelewa?" aliuliza.

"Sijachelewa, shemeji," Badru alijibu kwa mshangao. "Hata magharibi bado."

"Najua," alisema Mwajabu, akafunga geti.