Tuhesabuni na Sisi

Kijiji chetu cha Macalder huamka mapema. Kabla chai haijachemka, mashine za kusaga mawe zimeshaanza kelele. Wanaume wanashuka mashimoni kwa kamba. Wanawake wanakaa kando ya maji na makarai yao, wanaosha mchanga, wanatafuta dhahabu. Ikipatikana chembe, siku imekuwa njema. Isipopatikana, watu wanakunywa uji na kulala.

Mimi naitwa Marion. Ni mhudumu wa afya ya jamii hapa kijijini. Ninatembea nyumba kwa nyumba. Ninaangalia watoto, kina mama wajawazito na wagonjwa, na wanaohitaji matibabu ninawapeleka kituo cha afya. Watu wanasema nina mdomo mkali. Ni kweli, ninao. Someni habari hii, kisha mniambie kama nyinyi mngenyamaza.

Jirani yangu ni Phanice. Alizaliwa Oyugis, upande wa Kasipul, akaolewa huku Nyatike. Kwa sababu ametoka Kasipul, tunamwita Nyar Kasipul, yaani binti wa Kasipul. Mumewe alifariki. Amebaki na mtoto mmoja, Elvis, kijana wa miaka ishirini na mbili. Elvis alikuwa mcheshi sana. Alibeba magunia ya mawe huku akitutania sisi kina mama kwamba tunaosha mchanga mpaka unang'aa kuliko vyombo vyetu vya nyumbani.

Mwaka jana, baada ya mvua, Elvis alibadilika. Aliacha kulala. Aliacha kuoga. Alikaa nyuma ya jikoni akizungumza na watu ambao sisi hatukuwaona. Mara nyingine aliziba masikio kwa mikono miwili.

"Wananiita, mama," alisema. "Wako chini ya ardhi. Hawanyamazi."

Phanice aliogopa. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba kijana ameingiwa na juogi, yaani mizimu.

Hapo ndipo Boaz alipojitokeza. Boaz ni mdogo wa marehemu mume wa Phanice. Ana shimo lake la dhahabu na vijana wanaomchimbia. Aliposikia habari za sauti, hakuuliza kama kijana amekula au amelala. Aliuliza jambo moja tu.

"Hizo sauti zinasema tuchimbe wapi?"

Akamshusha Elvis shimoni. Elvis aliweka sikio kwenye mwamba, akalia, akaonyesha upande mmoja kwa kidole. Wakachimba. Bahati ikawa yao, wakapata dhahabu.

Basi! Tangu siku hiyo Elvis hakuwa mtoto wa mtu tena. Alikuwa chombo cha kazi. Kila asubuhi vijana wa Boaz walikuja kumchukua. Akikataa, wanambembeleza. Akichoka, wanampa bangi, ati sauti zije vizuri. Akisinzia, wanamwamsha.

Nilienda shimoni mwenyewe.

"Boaz, huyu kijana ni mgonjwa," nilimwambia. "Anahitaji hospitali."

"Mgonjwa gani anapata dhahabu, Marion?"

"Si mlichimba mahali penye dhahabu? Hata mbuzi angesimama pale mngepata."

Vijana wake wakacheka. Boaz hakucheka.

"Na zile siku zingine?" nikamuuliza. "Siku ambazo ameonyesha, mkachimba mpaka jioni, mkatoka na mawe tu?"

"Siku hizo sauti zilikuwa zimekasirika."

"Aliyekasirika ni mimi! Bangi mnampa ya nini? Mnajua inamzidishia ugonjwa?"

"Wewe shughulika na watoto wako wa chanjo," akasema, akanipa mgongo.

Nilirudi kwa Phanice. Nilimkuta amekaa, karai liko mapajani, hana nguvu ya kuosha chochote.

"Nyaminwa," aliniambia, yaani dada yangu, "watu wa shemeji wangu wanasema nikimpeleka hospitali, mizimu itamuua."

"Nyar Kasipul, nisikilize. Ubongo ni sehemu ya mwili. Tumbo linaugua, mguu unaugua, na ubongo pia unaugua. Ukiugua, mtu anaweza kusikia sauti ambazo hazipo. Kwake yeye zinasikika kabisa, hadanganyi. Lakini si mizimu, si laana, na si kosa lako. Dawa iko."

Akasema atafikiria. Sikumlaumu, maana Boaz ndiye aliyekuwa mkubwa wa boma.

Wiki hiyo hiyo, asubuhi, Elvis aliponyoka, akaenda kwenye shimo la zamani lililojaa maji. Akaingia. Alisema wanamwita kutoka ndani. Wanawake waliokuwa karibu walipiga mayowe, wachimbaji wakaja mbio na kamba, wakamtoa akiwa hai. Alikuwa anatapika maji na kutetemeka mikononi mwa Phanice, aliyekuja mbio akamkumbatia.

Boaz alifika. Akalitazama lile shimo, kisha akasema, "Pengine tuyatoe hayo maji. Labda kuna kitu huko chini."

Naapa alisema hivyo, na kijana yuko palepale kwenye matope!

Phanice alisimama. Mwanamke ambaye hakuwahi kumwinulia shemeji yake sauti alisimama na nguo zake zimelowa.

"Yuora," alisema, maana hivyo ndivyo tunavyomwita shemeji. "Nimekuheshimu kwa sababu ya ndugu yako. Sasa imetosha. Huyu ni mtoto, si jembe. Ukikanyaga kwangu tena kumchukua, tutaonana kwa chifu."

Tulimpeleka Elvis kituo cha afya siku hiyo. Alitupokea muuguzi mkuu, bwana Willis. Ni mtu mpole. Alimpima malaria, akauliza kama wanachoma zebaki ya kukamatia dhahabu ndani ya nyumba, maana moshi wake pia unaharibu ubongo. Alizungumza na Elvis mwenyewe, si na sisi peke yetu. Mwisho akasema, "Huu ni ugonjwa wa akili, mama, na unatibika."

Phanice alishusha pumzi. "Ero kamano, daktari. Asante. Sasa tupatie dawa."

Willis akaangalia meza. "Dawa hapa hakuna. Nitawaandikia mwende hospitali kubwa."

"Dawa ya malaria iko?"

"Iko."

"Ya presha?"

"Iko."

"Sasa ya kichwa cha mtoto wangu ndiyo haiko kwa nini?"

"Mama, tunaagiza dawa kulingana na wagonjwa tunaowatibu. Wagonjwa wa akili hawaji hapa. Kwa hivyo haziagizwi."

Niliruka kutoka kitini. "Hawaji kwa sababu hakuna dawa! Na dawa hakuna kwa sababu hawaji! Bwana Willis, unasikia unachosema?"

"Nasikia," alijibu polepole. "Na si hapa peke yake."

"Sera ya serikali inasemaje?"

"Inasema huduma ya afya ya akili ianzie kijijini, ifike zahanati na vituo vya afya kama hiki, isibaki kwenye hospitali za mbali. Na sheria ilirekebishwa mwaka wa 2022. Inasema serikali ya kaunti ina wajibu wa kutoa huduma hiyo. Mgonjwa wa akili ana haki ya kutibiwa kama mgonjwa mwingine. Hafai kupigwa, kufungwa minyororo, wala kutumiwa na watu."

"Kumbe mnajua yote hayo!" alisema Phanice. "Mnajua, na mtoto wangu ametolewa majini leo."

Willis akavuta karatasi, akaandika barua ya rufaa.

Phanice alimpeleka mwanawe Oyugis, kwa dada yake. Kule walipata hospitali yenye kliniki ya akili. Elvis alipewa dawa na miadi ya kurudi. Muuguzi wa kule alimweleza Phanice kwa subira. Dawa hufanya kazi polepole, kwa majuma, kwa hivyo asikate tamaa. Elvis asiache kuimeza akijiona amepona, maana ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu. Akitetemeka mikono au akisinzia sana, arudi aseme, dawa inaweza kubadilishwa. Bangi na pombe ya chang'aa asiguse. Alale vya kutosha. Na watu wa nyumbani wasimcheke wala wasibishane naye kuhusu sauti.

Elvis alianza kulala. Kisha akaanza kuoga bila kuambiwa. Siku moja aliomba omena na kuon, yaani dagaa na ugali mwingi, na Phanice alinipigia simu kutoka Oyugis kunieleza hilo tu.

Waliporudi Macalder, Boaz alimngoja Elvis njiani.

"Omera, rafiki yangu, nasikia wamekupa dawa. Sauti zinasemaje siku hizi?"

"Zimepungua, baba mdogo."

"Hebu acha hizo dawa kidogo tu. Tuonyeshe mahali pamoja. Tuchimbe wapi?"

"Sijui," alisema Elvis, akapita.

Lakini dawa za Oyugis zilikuwa zinakwisha, na Oyugis si karibu. Phanice alianza kumpa nusu kidonge ili zidumu. Nilipogundua nilimgombeza, kisha nikajua nimemgombeza mtu asiyefaa. Aliyestahili kugombezwa alikuwa amekaa ofisini.

"Daktari alisema hawana dawa kwa sababu hawana wagonjwa," Phanice aliniambia. "Marion, wewe unaingia kila nyumba. Wagonjwa wako wapi?"

Swali hilo lilinichoma. Wako wapi? Najua walipo. Wako vyumba vya nyuma. Wako jikoni, wageni wakija wanafungiwa. Kuna mama mmoja anayeitwa Bhoke, ametoka Kuria. Binti yake ana kifafa, ambacho nacho hutibiwa kliniki ya akili, na amekuwa akimficha ili watu wasimseme. Kuna mwalimu mstaafu ambaye mkewe hajatoka kitandani tangu wamzike mtoto wao. Kuna wachimbaji waliotoka kwenye mashimo yaliyoporomoka na mpaka leo wanapiga kelele usingizini. Tunawaficha kwa aibu, halafu serikali inasema hawapo.

Tulianza kuzunguka, mimi na Phanice. Wengine walitufukuza. Bhoke alitutazama kwa mashaka.

"Mnataka nimtoe mtoto wangu nje ili achekwe?"

"Wangu alichekwa tayari," alisema Phanice. "Na wengine walimtumia. Ukimficha, dawa yake haitakuja."

Nilimweleza Willis mpango wetu. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Waleteni. Mimi nitamwita mkubwa wangu wa kaunti ndogo aone kwa macho yake."

Siku tuliyopanga walikuja wengi kuliko tulivyotarajia. Mabenchi yalijaa, wengine wakakaa kwenye nyasi. Mwalimu alimshika mkewe mkono. Bhoke alikuja na binti yake amevaa nguo ya kanisani. Elvis aliwasaidia wazee kupanda ngazi.

Afisa wa kaunti ndogo alishuka kwenye gari, akashangaa. "Hawa wote ni nani?"

"Ni wale mnaosema hawapo," nilimjibu.

"Sawa, mama. Tutawaandikia rufaa waende hospitali kubwa."

Phanice alisimama mbele yake. "Kwenda wapi tena? Mwenye malaria anatibiwa hapa, mimi mtoto wangu apande magari kila mwezi? Hatuendi popote. Tuhesabuni. Tuko hapa. Tuhesabuni na sisi!"

"Tuhesabuni!" akasema Bhoke. Wengine wakaitikia, hata wale ambao hawakuwahi kufungua mdomo mbele ya watu.

Afisa akavua koti, akakaa karibu na Willis, na wakaanza kuwaona wagonjwa mmoja mmoja mpaka mchana ukapita. Kabla ya kuondoka, alituahidi dawa. Sikumwamini. Nilimpigia simu kila Jumatatu mpaka akaijua sauti yangu kabla sijajitaja. Phanice na mwalimu walikwenda kwenye kikao cha kaunti cha kujadili bajeti ya afya na wananchi, wakasema mbele ya wote.

Dawa zikaja. Willis alipelekwa mafunzo ya ziada. Sasa kila Alhamisi kuna kliniki ya akili hapa hapa kwetu. Binti wa Bhoke haanguki ovyo tena, na amerudi shule. Mke wa mwalimu anatoka nje kuota jua. Elvis anaendesha mashine ya kusaga mawe ya mtu mwingine, mbali na shimo la Boaz. Boaz bado hasalimiani nami, na mimi sina haraka.

Msidhani mambo yamenyooka kabisa. Mwezi uliopita dawa zilichelewa. Alhamisi nilifika kliniki nikasikia mtu anagomba dirishani. Alikuwa Elvis.

"Dawa yangu iko wapi?" aliuliza. "Nimekuja siku niliyoambiwa. Mimi sikuchelewa. Nyinyi mmechelewa kwa nini?"

Karani mgeni alirudi nyuma kwa woga. "Daktari! Huyu amechanganyikiwa tena! Tuite mlinzi?"

Willis akatoka. Alimtazama Elvis, kisha karani.

"Hajachanganyikiwa," alisema. "Amekasirika. Hata mimi ningekasirika. Nipe simu."

Alipiga simu kituo jirani. Kabla ya saa sita, bodaboda alikuwa mlangoni na boksi la dawa, na watu wote wa foleni wakapata.

Phanice alikuwa nyuma ya mwanawe muda wote ule, anacheka na machozi yanamtoka. Alinishika mkono kwa nguvu.

"Sikia anavyogomba, nyaminwa," aliniambia. "Huyo ndiye mtoto wangu."