CD Iliyoning'inia Kwenye Wimbi

Teresa alikuwa amemtuma mumewe uzi. Ule mweusi wa nailoni, wa kufungia CD mbovu kwenye shamba la wimbi, maana ndege wa mwezi wa nane hawana adabu na wimbi lilikuwa limeiva. Cleophas alivuka barabara pale Khayega akaununua, akasimama kidogo kumcheka mtu wa boda aliyekuwa akijaribu kumpakia mbuzi asiyetaka safari, kisha akarudi kibandani kwake. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mikaratusi. Alikuwa afunge, aende nyumbani, akale.

Mtu alikuwa ameketi kwenye benchi lake.

Alikuwa Mama Tracy. Jina lake hasa ni Muhonja, lakini tangu amzae yule binti yake mmoja hakuna aliyemwita Muhonja tena. Hata sasa, Tracy akiwa na miezi minne kaburini, watu walimwita vile vile, na kila aliyemsalimia alilazimika kumtaja marehemu. Mikono yake ilikuwa mapajani. Alikuwa anasikiliza wimbo wa kwaya uliokuwa ukitoka kwenye mashine kubwa ya CD tano, iliyounganishwa na simu ya Cleophas, juu ya meza yake ya kutengenezea redio.

"Mulembe, Mama Tracy."

"Mulembe." Hakugeuka. "Inaimba vizuri. Ni yako?"

"Ni ya kazi tu, mama."

"Ni ya Tracy," akasema yule mama, kwa sauti ya chini.

Moyo wa Cleophas ulimpiga paa.

Ni kweli ilikuwa ya Tracy. Mwezi wa tatu aliileta mwenyewe, amebebwa na boda, amejifunga shuka mchana wa jua kali, ananukia ile dawa ya kupaka kifua yenye kafuri. Sinia la kuwekea CD lilikuwa limekwama, halitoki wala haliingii. "Iko na CD ndani," alisema akikohoa. "Nimemrekodia mama maneno. Ukiitoa niwekee vizuri, fundi. Sina ingine."

Cleophas ni fundi hodari, hilo tusimnyime. Aliifungua siku hiyo hiyo. Mkanda wa mpira unaozungusha sinia ulikuwa umeyeyuka ukawa kama lami. Akaukwangua, akasafisha gia kwa spiriti, akafunga mkanda mwingine aliouchomoa kwenye redio ya kaseti iliyokufa zamani. Akafuta lenzi kwa pamba. Kisha akaijaribu kwa CD ile ile ya Tracy, mara tatu, sikio likiwa limeegemea spika. Iliruka dakika ya tatu. Akagusa skrubu moja, ikaacha kuruka. Kazi ikaisha.

Tracy hakurudi kuichukua. Wiki ya pili zikaja habari kwamba amefariki.

Basi hapa ndipo mtu mzima alipojivua nguo mwenyewe. Wiki hiyo ampulifaya ya Cleophas ilikuwa imeungua, na watu wa matanga walitaka muziki. Akaibeba mashine ya Tracy, akaifunika leso ya mkewe, akaiunganisha na simu yake, akapigia muziki matanga ya mwenye mashine. Mama Tracy alisimama mbele ya watu akamshukuru. Alimpa hata paja la kuku. Naye akalila.

Siku ya tatu baada ya mazishi, siku ya wafiwa kunyoa nywele, ukoo ulikaa kugawa vitu vya marehemu. Mzee Hezekiah alisimama na fimbo yake akasema yale yasemwayo siku zote: "Mwenye kitu cha marehemu aseme leo. Akinyamaza, kitu chenyewe kitajisemea." Cleophas alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwa ile mashine. Akakohoa. Watu wote wakamgeukia.

"Ni vumbi," alisema.

Na ile CD? Alimpa Teresa akafukuzie ndege.

Tangu hapo aliyasukuma mambo hayo nyuma ya akili, mahali anapoweka pia redio za watu alizoshindwa kutengeneza. Sasa alisimama mlangoni mwa kibanda chake, uzi mkononi, na masikio yakimchoma kama ya mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

"Nani alikuambia ni ya Tracy?"

"Yeye."

"Lini, mama?"

"Jana, na leo tena."

Wimbo wa kwaya ukaendelea. Mama Tracy alipangusa goti lake pasipo na kitu.

"Nilikuwa napita ile njia ya kisima, kando ya wimbi la mke wako. Saa kama hii. Nikasikia ananiita vile alikuwa ananiitanga akiwa mdogo. Nikasema ni upepo. Leo nikapita tena... Alisema yuko kwa fundi. Alisema kuna CD. Nenda uniletee."

Hapa Cleophas angeweza kusema kweli, ikawa imekwisha. Lakini uongo ni kama jembe lililozoea mkono.

"Haikuwa na CD, mama. Nilifungua mimi mwenyewe."

Wimbo ukakatika.

Alitazama simu yake. Ilikuwa na moto wa kutosha, na wimbo ulionyesha bado unacheza. Kisha akasikia mlio aliokuwa hajausikia tangu mwezi wa nne, kwa sababu mkanda ule wa kuokoteza ulikuwa umelegea tena na sinia lilikuwa halifunguki.

Zzzzrr...

Sinia lilitoka. Polepole. Likasimama wazi mbele yake, tupu, kama mkono wa mtu anayengoja kupewa kitu.

"Ni mkanda," Cleophas alisema. "Umelegea." Alijua vizuri kwamba mkanda uliolegea haufungui chochote.

Cleophas akaweka uzi mezani, akamwacha Mama Tracy benchini, akaenda shambani.

Shamba lilikuwa nyuma ya vibanda, mwendo wa dakika mbili. CD sita zilining'inia kwenye vijiti. Upepo ulikuwa unavuma na zote zilikuwa zinazunguka, zikimeta mara huku, mara kule.

Zote isipokuwa moja.

Hiyo ilikuwa imetulia kabisa, uso wake umemwelekea. Ndege walikuwa wamekula wimbi shamba zima, lakini chini ya ile CD masuke yalikuwa mazima, duara kamili, hakuna punje iliyoguswa. Wiki iliyopita Teresa alikuwa amesema, "Hii moja inafukuza kuliko zote." Wakacheka. Sasa Cleophas aliingia katika lile duara na nywele za shingo zikamsimama. Hakukuwa na sauti ya chiriku wala ya nzige. Alikata uzi kwa meno, macho ameyafumba. Alisikia harufu ya kafuri.

Akarudi mbio, na mbele ya kibanda akaacha kukimbia, asije akaonekana na Mama Tracy anakimbia. Hata katika hofu ile alikuwa anajali sura yake.

"Ndiyo hii?" mama aliuliza.

"Ndiyo hii."

Hakumuuliza kwa nini alikuwa amekana. Afadhali angeuliza.

Cleophas aliifuta CD kwa spiriti. Ilikuwa imekwaruzika, na ukingoni ngozi yake ya fedha ilikuwa imebanduka. Akailaza kwenye sinia, akabonyeza, sinia likakataa kuingia. Sasa mkanda ulikuwa umelegea kweli. Akatoa skrubu nne, akafungua kifuniko, akauchomoa. Hakuwa na mwingine. Akaufanyia ujanja wa mafundi, wa kuuchovya mpira ndani ya maji moto ili ujikaze, ila maji hakuwa nayo. Alikuwa na chai ya kwenye themosi. Akauchovya mkanda ndani ya kikombe cha chai, akiukoroga kwa kijiko, Mama Tracy akimtazama. Kibandani mlikuwa na sauti moja tu, ya kijiko kikigonga kikombe.

Akaurudisha. Sinia likaingia, likazunguka, likatulia. Lenzi ikapanda na kushuka ikitafuta.

Kioo cha mashine kikaandika kwamba hakuna CD.

Akajaribu tena. Hakuna CD. Mara ya tatu, hakuna CD. Na Cleophas, Mungu amsamehe, aliona mzigo unamtoka kifuani.

"Jua limeichoma, mama. Hizi za kurekodi nyumbani hazipendi jua. Imefutika."

"Jaribu tena," akanong'ona Mama Tracy.

Akabonyeza. Namba zikaanza kuhesabu. Sekunde moja. Mbili. Tatu...

Upepo.

Ulikuwa upepo wa shambani, ukipita kwenye masuke. Ndege mmoja. Kwa mbali boda ikipanda mlima. Cleophas alikunja uso. Kisha mtu akaongea, karibu kabisa, na mtu huyo alikuwa Teresa.

"Hii si ni ya yule msichana wa Mama Tracy?"

Ikafuata sauti ya mwanamume. Ilimchukua Cleophas muda kuitambua, kwa vile mtu haijui vizuri sauti yake mwenyewe.

"Ameshaenda. Nani ataulizia?"

"Mamake."

"Yule? Yule hata hajui CD ni kitu gani. Funga hapo juu, ndege waone."

Kisha akacheka. Kilikuwa kicheko kizuri, cha mtu aliyeshiba.

Cleophas alitamani ardhi ipasuke. Alibonyeza kitufe cha kuzima, na kicheko kikaendelea. Akabonyeza tena. Kicheko kikarudi mwanzo, kikaruka, kikarudi, ha ha... ha ha... ha ha... Hakuthubutu kumtazama yule mama aliyeketi benchini mwake. Akaushika waya, akauchomoa kwenye soketi.

Kioo kikazimika.

CD haikusimama. Aliisikia ndani ikiendelea kuzunguka, fyuu, fyuu, ikipunguza mwendo. Hilo analo jibu lake, na mpaka leo analishikilia. Kapasita hubaki na moto kidogo hata umeme ukitolewa, na spika huweza kusema neno moja au mawili kabla ya kukata. Kila fundi analijua hilo.

Harufu ya kafuri ilijaa kibandani.

"Mama..." ilisema spika. Haikuwa sauti ya Teresa. "Umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu," Mama Tracy alijibu.

CD ikasimama.

Nje taa za maduka zilikuwa zimewaka, na watu walipita wakisalimiana kama siku zote.

"Wewe ulitengeneza hii mashine Tracy akiwa bado hai," mama alisema mwishowe. "Uliijaribu na hii CD?"

"Ndiyo, mama."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Basi ulimsikia." Kwa mara ya kwanza alimgeukia. Macho yake yalikuwa makavu, na yalikuwa na tumaini, jambo ambalo lilimuumiza Cleophas kuliko hasira. "Hakuna mtu mwingine alisikia. Siku za mwisho hakuweza kuongea, alikuwa ananishika tu mkono. Aliniambia nini?"

Cleophas aliitafuta. Alirudi mwezi wa tatu, meza ile ile, sikio kwenye spika. Alikumbuka mlio wa gia. Alikumbuka jinsi sauti ilivyoruka dakika ya tatu, na ni skrubu gani aliyoigusa, na robo mzunguko aliyoikaza. Maneno? Hakuna. Fundi hasikilizi maneno. Anasikiliza kama inaruka.

"Alisema anakupenda sana," akasema. "Alisema usilie. Alisema yuko mahali pazuri."

Mama Tracy alirudisha macho yake kwenye mashine.

"Tracy hakuwa anaongeanga hivyo," alisema.

Basi Cleophas akakaa chini, sakafuni, kati ya nyaya na makasha ya redio za watu, akalia kwa aibu. Akasema kweli yote, ya leso, ya kuku, ya vumbi. "Sikusikia maneno, mama. Mara tatu nilimsikiliza, na sikusikia hata moja. Nisamehe."

Mama Tracy aliinuka akiegemea meza. Alisema kesho atatuma vijana wa ukoo waje kuchukua mashine. Cleophas akamnyooshea ile CD kwa mikono miwili. Hakuipokea.

"Hiyo kaa nayo. Mimi nikiitaka nitasikia nini, kucheka kwako?" Akajifunga leso kichwani. "Wewe ndio uko na masikio ya kazi. Sikiliza. Siku utasikia maneno, ukuje uniambie. Mimi niko."

Akaondoka, akifuata njia ya kisima.

Wateja wa Cleophas wanajua kwamba siku hizi hafungi kibanda mapema. Jua likizama huwa anavuta mashine yoyote iliyopo, anafuta lenzi, anaiweka ile CD. Kama fundi, anajua kwamba jua huweza kufuta CD, lakini haliwezi kuiandika. Hilo ameacha kulifikiria. Anasikia upepo, mkewe, kicheko chake. Kisha anasikia kitu ambacho jioni ile ya kwanza hakikuwepo. Kijiko kikigonga kikombe cha chai. Mama akiuliza, "Aliniambia nini?" Na sauti yake mwenyewe ikijibu, laini, bila haya, "Alisema anakupenda sana."

Baada ya hapo kunakuwa kimya, na katika kimya hicho mtu anavuta pumzi, kwa shida, kama anayejiandaa kusema neno refu. Cleophas huinamisha sikio mpaka linagusa spika. Hasikilizi tena gia. Anasikiliza maneno, kwa moyo wake wote.

Hapo ndipo inaporuka.