Kikwembe cha Aurélie na Maziwa ya Bonheur

Kila asubuhi Aurélie alifunga kikwembe chake, kitenge cha kiunoni, na kila asubuhi kikwembe kilimpa habari mbaya. Kabla ya kuzaa, ncha yake ilizunguka kiuno na kupita tena mpaka mgongoni. Sasa iliishia ubavuni. Ilibidi aivute kwa nguvu ili ishike.

Binti yake Bonheur alikuwa amelala kwenye godoro. Umri wake ulikuwa miezi miwili na kidogo. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Aurélie na mumewe Gédéon, na tangu azaliwe, majirani wote wa mtaa wa Tshopo, mjini Kisangani, walimwita Aurélie "Mama Bonheur".

Mama yake Aurélie alikuwa amekuja kutoka Yanonge kumtunza mzazi, kama desturi inavyotaka. Alimkanda kwa maji ya moto. Alimpikia lituma ya ndizi zilizopondwa, sombe ya majani ya muhogo, na samaki. Alimkataza kushika hata ufagio. Mzazi akitoka ndani amekonda, watu watasema amenyimwa chakula, na hiyo ni aibu ya ukoo mzima. Basi Aurélie alikula, akalala, akaamka, akala tena. Siku ya kurudi Yanonge, bibi alimtazama binti yake akaridhika, kama fundi aliyemaliza nyumba.

Aurélie mwenyewe hakuridhika. Wiki hiyohiyo alitaka kupanda toleka, ile baiskeli ya kubeba abiria. Mwendeshaji alimtazama juu mpaka chini. Kisha akainama, akabonyeza tairi ya nyuma kwa kidole gumba. Akabonyeza tena. Wenzake wakacheka. Aurélie akasema atatembea kwa miguu, na akatembea huku machozi yakimlengalenga.

Tena kulikuwa na harusi njiani. Sandrine, dada yake Gédéon, alikuwa anaolewa, na wanawake wa familia walinunua kitambaa cha aina moja. Fundi Yakubu alishona libaya ya Aurélie, yaani blauzi ya sherehe, kwa vipimo vya mwaka jana. Aurélie alipoijaribu, mkono mmoja uliingia, wa pili ukakataa.

Gédéon hakuwepo. Alikuwa amepanda baleinière, mashua kubwa ya mbao, kwenda Basoko kununua samaki wa moshi. Aurélie aliweka nia moja moyoni: mume wake akirudi, amkute kama zamani.

Alimweleza rafiki yake Delphine.

"Ile mafuta yote njo uchafu ya uzazi," Delphine alisema. "Inabaki ndani kama haufanyi purge. Unakunywa majani, unaharisha, tumbo inalala. Miye nilifanya. Angalia."

Delphine alikuwa mwembamba kweli. Lakini Delphine hakuwa amezaa, wala hakuwa akinyonyesha mtoto. Jambo hilo lilikuwa wazi kama jua, na wote wawili hawakuliona.

"Na mutoto?" Aurélie aliuliza.

"Mutoto ana shida gani? Dawa inaingia kwa tumbo yako, haiingii kwa yake."

Basi Aurélie akaanza. Asubuhi alikunywa kikombe cha majani machungu. Mchana alikunywa maji ya limau, akajidai ameshiba. Jioni alimega ugali wa fufu kidogo. Tumbo alilikaza kwa kitambaa mpaka pumzi ikawa fupi. Alikimbilia choo mara kwa mara, kichwa kikamzunguka, lakini kikwembe kilianza kulegea. Alifurahi. Alijitazama kwenye kioo kidogo cha Gédéon cha kunyolea, akajitazama tena.

Bonheur ndiye aliyetoa taarifa ya kwanza. Alishika titi, akavuta, akaliachia, akalia. Akahamishiwa upande wa pili, akavuta, akalia zaidi. Matiti ambayo zamani yalilowesha nguo kila asubuhi sasa yalikuwa laini na matupu.

"Umupe maji ya sukari," Delphine alishauri. "Atatulia."

Na kweli Bonheur alitulia. Alikunywa vijiko vya maji ya sukari, akalala. Akalala sana. Majirani wakasema, mtoto gani huyu mpole namna hii. Aurélie akacheka nao, lakini moyoni hofu ilikuwa imeingia na haikutaka kutoka. Alikuwa akiacha kazi katikati, anakwenda kuweka mkono juu ya kifua cha mtoto, kuona kama kinapanda na kushuka. Kilipanda. Anarudi kwenye kazi. Anaiacha tena.

Alijua alichokuwa akifanya. Hakutaka kujua kwamba anajua.

Nyumba ya jirani alikaa Mama Simone, muuguzi wa kituo cha afya. Siku ya kupima watoto ilipofika, Mama Simone alipita na koti lake jeupe mkononi.

"Mama Bonheur, tunaenda? Leo njo siku ya kilo."

"Niko na nguo za kufua, Mama Simone. Mwezi kesho nitakuja."

Mama Simone alisimama. Alimtazama Bonheur aliyekuwa amelala begani kwa mama yake.

"Nguo itakungojea," alisema kwa upole. "Haina miguu. Kuya."

Kituoni mizani ilikuwa imening'inizwa kwenye boriti. Kina mama waliketi kwenye mabenchi wakiimba, na kila mtoto alivalishwa kaptula ya kupimia na kuning'inizwa, akipiga mateke hewani. Zamu ya Bonheur ilipofika, hakupiga mateke. Alining'inia kimya, kichwa kimeinama. Mshale ukapanda kidogo, ukasimama.

Mama Simone alimshusha. Akasawazisha mizani. Akampima tena. Mshale ulisimama palepale.

"Mwezi jana alikuwa mwepesi kuliko leo?" Aurélie aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Mwezi jana alikuwa muzito kuliko leo," alisema Mama Simone. "Mutoto ya umri hii anapaswa kupanda. Bonheur ameshuka."

Aurélie alimchukua mtoto kifuani. Wale kina mama wengine waliendelea kuimba, na wimbo ule ulimchoma. Mama Simone alimshika mkono, akampeleka chumba cha pembeni, akafunga mlango.

"Unakula nini, Mama Bonheur?"

"Nakula muzuri."

"Bon. Na mutoto, leo amekojoa mara ngapi?"

 Aurélie alishika kitambaa cha nepi cha mtoto. Kilikuwa kikavu. Alikumbuka cha jana jioni, nacho kilikuwa karibu kikavu. Hapo akalia, na maneno yote yakatoka pamoja: tairi ya toleka, libaya, majani, limau, maji ya sukari.

"Nimeua mutoto wangu," alisema.

"Haujaua mutu. Ngoja nimuangalie kwanza."

Mama Simone alimvua Bonheur nguo. Alimpima joto. Aligusa utosi wake. Akafinya ngozi ya tumbo taratibu na kutazama kama inarudi haraka. Akamkuna nyayo mpaka akafumbua macho na kulia. Kilikuwa kilio chembamba, lakini kilikuwa kilio. Aurélie alimtazama muuguzi usoni, akitafuta hukumu yake pale.

"Hana homa. Anaamka. Sasa umuwekee titi, tuone kama ananyonya."

Bonheur alishika titi. Akavuta kwa bidii.

"Ananyonya," Mama Simone alisema, na sasa ndipo yeye naye akaketi. "Donc tumewahi. Kama angekataa kunyonya, ama angekuwa moto, ama angelala bila kuamka muzuri, saa hii tungekuwa njiani kwenda hospitali. Ukiona moja ya hiyo vitu nyumbani, haungojei asubuhi. Unasikia?"

"Nimesikia."

"Alors, sikiliza sasa. Maziwa inatoka wapi? Inatoka kwa chakula na maji yako, na kwa ile akiba uko nayo mwilini. Ile mafuta Delphine anaita uchafu, haiko uchafu. Mungu alikuwekea ju ya mutoto. Ukimunyonyesha, mwili inaitumia kidogo-kidogo. Weye ulikata chakula, ukaharisha maji yote. Mutoto angekunywa nini?"

"Na majani?"

"Majani unaacha leo. Hatujui kitu gani iko ndani, na kingine inaweza kupita kwa maziwa. Maji ya sukari pia unaacha. Tumbo ya mutoto iko ndogo. Ukiijaza maji, anashiba na hana kitu. Akikosa kunyonya, titi inafikiri kazi imeisha, inapunguza maziwa. Mupaka miezi sita, ni titi tu. Hata maji hapana."

Aurélie alifuta machozi. Aliuliza kwa sauti ndogo, na aibu ilimjaa kwa kuuliza:

"Kwa hiyo nitabaki hivi?"

Mama Simone hakumcheka. "Hapana. Unaweza kupungua, na sio mubaya kutaka. Lakini mutoto kwanza. Akianza kupanda muzuri, tutaongea."

Akamtuma mtu kuleta lituma na samaki kutoka kwa mama muuzaji wa nje. Aurélie alikula mbele yake huku akinyonyesha. Walikaa pale mpaka mchana, na Mama Simone akamwambia arudi kesho yake, na keshokutwa pia.

Siku zile zilikuwa ndefu. Aurélie alimwekea Bonheur titi kila alipotaka, na asipoamka mwenyewe, alimwamsha. Usiku vilevile. Alikula asubuhi, mchana na jioni, akanywa maji kila alipoona kiu. Kitambaa cha tumbo alikitupa kapuni. Lakini maziwa hayarudi kwa kuyaita. Alikuwa akikamua titi kidogo kuona kama lina kitu, akaona matone, akaogopa. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alikaa naye mchana kutwa.

Siku moja, karibu saa sita, alikuwa ameketi mlangoni na Bonheur mapajani. Ghafla alihisi joto likitambaa kwenye kikwembe. Likafika gotini, likadondoka chini. Bonheur alikuwa amekojoa, tena kwa wingi. Aurélie akaita kwa sauti kuu.

"Mama Simone, amekojoa. Kuya uone, amenilowesha mwili yote."

Mama Simone alitokeza juu ya ua, akaona kikwembe kinachochuruzika, akacheka mpaka akajishika mbavu. Sijui kama Kisangani nzima imewahi kuwa na mama aliyefurahia mkojo namna ile.

Gédéon alirudi na vikapu vyake vya samaki. Aurélie alikuwa amepanga kumficha mambo hayo, lakini alimwona akimnyanyua mtoto taratibu, kama mtu anayepima mzigo kwa mkono. Akamweleza yote. Gédéon alimweka mtoto begani, akamgeukia mkewe.

"Miye nilioa libaya?" aliuliza.

"Hapana."

"Nilioa weye. Libaya ni ya Papa Yakubu. Kama haitoshi, njo kosa yake, sio yako." Kisha akamkumbatia Bonheur, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Usinifichie tena kitu ya mutoto."

Fundi Yakubu alifumua libaya pande zote mbili, akaongeza vipande vya kitambaa kilichobaki, na mbele akaweka vifungo ili mtoto anyonye bila shida. Kwenye harusi ya Sandrine kuna shangazi aliyenong'ona jambo kuhusu upana wa Aurélie. Aurélie alisikia. Alifungua vifungo viwili, akamnyonyesha Bonheur, akaendelea kula liboke yake ya samaki aliyefungwa kwenye majani.

Mtoto alipoanza kupanda vizuri kwenye mizani, Mama Simone alitimiza ahadi yake. Hakumpunguzia sombe, maharagwe, samaki wala matunda. Alimpunguzia mikate ya kukaanga, sucré za chupa, yaani soda, na yale mawese ambamo sombe ilikuwa ikiogelea.

"Na utembee," alimwambia. "Umubebe mutoto mgongoni, nenda mupaka kwa daraja ya Tshopo, urudi. Usikimbie. Ukichoka, unakaa. Ukiona unapungua haraka, zaidi ya nusu kilo kwa wiki, ama maziwa inapungua, unaongeza chakula na unakuja kuniona. Tumbo ilipanda miezi tisa. Haiwezi kushuka kwa wiki mbili."

Basi kila asubuhi Aurélie alitembea mpaka darajani, akasikia maji ya Tshopo yakinguruma, akarudi. Alipita mbele ya wale wa toleka. Yule mbonyeza tairi alimwita, "Mama, tupande?" Akamjibu kwamba miguu yake haina pancha. Safari hii walicheka, lakini walimcheka mwenzao.

Haba na haba hujaza kibaba, na wakati mwingine hukipunguza pia. Delphine naye aliolewa, akapata mimba. Siku moja alikuja kumuuliza Aurélie kama naye ayanywe yale majani baada ya kuzaa. Aurélie alimshika mkono, akampeleka kwa Mama Simone.

Bonheur alipotimiza miezi sita, alikuwa mzito mpaka kaptula ya mizani ilimbana mapaja. Alipiga mateke, mshale ukacheza, na Aurélie aliimba kuliko wote.

Asubuhi iliyofuata alifunga kikwembe chake. Ncha haikuishia ubavuni. Ilipita kiuno, ikakaribia mgongo, ikabaki kipande cha kuning'inia. Aurélie alikishika, akakitazama kidogo. Kisha akainama akamfuta Bonheur kidevu, kwa sababu maziwa yalikuwa yamejaa kinywani mpaka yakamwagika.