Shingo Isiyoonekana kwenye Picha

Kila asubuhi kabla ya kengele, Nusaiba wa darasa la sita alifungua sanduku la huduma ya kwanza pale shuleni kwao Temeke. Mwaka huo wa 1993 alikuwa kiranja wa afya, na kazi aliijua. Waliochubuka magoti walijipanga, naye akawapaka iodini, ile dawa ya kahawia inayowasha, huku akiwatania walioanza kulia kabla hata hajawagusa.

Tatizo lilikuwa shingo yake mwenyewe. Lilikuwa limemtoka rovu, uvimbe wa tezi ya shingo, na watoto, unawajua tena, hawakukosa la kusema. Nusaiba alikuwa amesikia kwamba iodini hutibu rovu. Basi akawa anaichukua sandukuni kwa siri, anajipaka shingoni kila jioni, kisha anafunika rangi kwa ushungi.

Mama yake, Mwanabaraka, akampeleka hospitali kubwa mjini. Siku hiyo Nusaiba alikuwa ameisugua shingo mpaka rangi yote ikatoka. Daktari Leodegar akawaeleza kwamba angemchoma sindano ya dawa yenye mionzi kidogo mno, isiyomdhuru. Dawa hiyo hukimbilia kwenye tezi ya shingo, na kamera maalumu huifuata hukohuko na kuipiga picha. Akamuuliza kama alikuwa amekunywa au kujipaka dawa yoyote. Nusaiba akajibu hapana. Aliogopa kuitwa mwizi, basi.

Picha ikatoka tupu. Palipotakiwa kung'aa hapakuwa na kitu. Daktari akarudia, akakunja uso, akamwambia mama kwamba kwa picha kama ile hana njia ila kumpasua mtoto shingo aone kilichomo. Mama akakaa kwenye benchi, machozi yakimtoka.

 Kisu kilimtisha Nusaiba, lakini machozi ya mama ndiyo yaliyomshinda.

"Daktari, nilisema uongo. Nimejipaka iodini mwezi mzima. Niliichukua kwenye sanduku la shule."

Daktari akashusha pumzi. Akaeleza kwamba iodini hupenya ngozi, tezi ikaila, na ikishashiba, dawa ya picha haipati nafasi. Aache kujipaka, arudi baada ya wiki sita. Kesho yake Nusaiba alimweleza yote Mwalimu Auleria, msimamizi wa sanduku lile, akavuliwa ukiranja mstarini mbele ya wenzake. Aliumia, lakini hakubisha.

Wiki sita zikapita, wakarudi. Safari hii tezi iling'aa yote, bila doa hata moja. Daktari akasema hakuna haja ya kupasua, vidonge tu vingetosha. Mama alipiga vigelegele mpaka wauguzi wakachungulia mlangoni, na Nusaiba akarukaruka kwa furaha, hana habari na mtu.

Daktari alisubiri watulie.

"Mwanangu, kamera yangu ni ya gharama kubwa, lakini siku ile ilinipoteza, na ningekupasua bure. Kilichokuokoa ni kinywa chako. Ukienda kwa daktari, mwambie kweli yote, hata ile inayokutia aibu."