Kwa Nini Marcelino Alikonda

Marcelino na mkewe Verediana walikuwa wakulima wa nyanya huko Ilula. Asubuhi Verediana alipanga nyanya kando ya barabara kuu, akawauzia abiria wa mabasi. Marcelino alikuwa shambani. Mchana walikula pamoja na watoto wao.

Mwaka ule Marcelino alianza kukonda. Alimega matonge machache tu, akaisukuma sahani.

"Baba Liberatus, ongeza kidogo," Verediana alimbembeleza.

"Nimeshiba, mama."

Siku moja Rozalia, dada yake Marcelino, alikuja kutoka Iringa mjini kuwasalimu. Alipomwona mdogo wake alishtuka.

"Wifi, unamlisha nini ndugu yangu? Wewe umenona, yeye amebaki mifupa!"

"Dada, napika kila siku. Yeye hali."

"Hali kwa sababu anajua ulichotia humo ndani!"

Majirani walisikia. Verediana alilia. Tangu siku ile hakwenda barabarani, maana aliona haya kutazamwa na wenzake. Rozalia akasema atampeleka Marcelino Mbeya kwa mganga, akatolewe alicholishwa.

Verediana alimkimbilia jirani yao Juliana, muuguzi wa zahanati ya kijiji. Juliana alikuja, akaketi karibu na Marcelino.

"Kamwene, baba," alimsalimu. "Niambie kweli. Choo chako kikoje?"

Marcelino aliinamisha kichwa. "Cheusi kama lami. Muda mrefu sasa. Na nikila kidogo tu, tumbo linajaa."

"Mbona hukuniambia?" Verediana aliuliza.

"Niliogopa, mama. Baba yangu alianza hivihivi, akafa. Nisamehe. Umetukanwa, nami nimenyamaza."

"Hiyo ni damu inayovuja tumboni," Juliana alisema. "Hapa si pa kungoja. Twendeni hospitali ya Tosamaganga."

Wote wanne, pamoja na Rozalia, walikwenda. Madaktari walimpima, wakampiga picha ya tumbo. Waliona uvimbe. Ilikuwa kansa.

Nje ya wodi Rozalia alimshika Juliana mkono. "Uvimbe mdogo vile unawezaje kummaliza mtu mzima? Lazima kuna mkono wa mtu."

"Hapana, dada. Sikiliza. Mwili umejengwa kwa chembe hai ndogo sana, huwezi kuziona kwa macho. Chembe hizo hupashana habari. Moja ikitaka kuzaliana kupita kiasi, nyingine huiambia: basi, inatosha. Chembe ya kansa haisikii. Inazidi kuzaliana."

"Na kukonda je?"

"Kansa inakula sukari ya mwili kwa pupa. Tena inatoa habari zake yenyewe. Inaiita mishipa ya damu iisogelee, iiletee chakula. Mwili nao unapata habari zisizo sawa. Unayeyusha mafuta, unayeyusha nyama ya mikono na miguu, kama mtu mwenye njaa kuu. Hamu ya kula inapotea. Hata mke apike vizuri namna gani, mume atakonda."

Rozalia akauliza kwa sauti ndogo, "Inaambukiza?"

"Haiambukizi. Kuleni naye sahani moja."

Daktari alisema kansa ilikuwa bado haijasambaa. Walimpasua Marcelino, wakaondoa uvimbe pamoja na sehemu ya tumbo. Rozalia alirudi Ilula kuwatunza watoto. Verediana alibaki kumuuguza mumewe. Alimlisha uji na maziwa kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, kama alivyoagizwa.

Marcelino alirudi nyumbani mnyonge. Lakini choo kilikuwa cha kawaida, na mwili ukaanza kurudi polepole. Aliendelea kwenda hospitali kupimwa.

Asubuhi Verediana aliporudi kuuza nyanya barabarani, Rozalia alimfuata. Akasimama mbele ya wanawake wote waliokuwa wakiuza nyanya.

"Nilimsingizia wifi yangu," alisema. "Ndugu yangu alikuwa na kansa ya tumbo. Ndiyo maana alipata choo cheusi na kushiba upesi. Huyu ndiye aliyemwokoa. Wifi, nisamehe."

Verediana alifuta macho. Kabla hajajibu, mama mmoja aitwaye Tupokigwe alisogea.

"Umesema choo cheusi?" aliuliza. "Na kushiba upesi? Mume wangu yuko hivyo. Nilidhani hapendi tena mapishi yangu."

Verediana alimtazama Rozalia. "Dada, niangalizie nyanya."

Kisha akamshika Tupokigwe mkono. "Tukamchukue mumeo. Tunakwenda kwa Juliana sasa hivi."