Doa Ambalo Hakulipaka

Doa lile hakulipaka yeye. Fundi aliliona asubuhi, hata uso hajanawa, alipofungua dirisha la chumba cha nyuma ili harufu ya rangi itoke. Lilianzia kwenye bomba la moshi la tatu, likajikokota ubavuni mwa ndege yake ya plastiki mpaka karibu na mkia, jeusi mwanzoni, kisha kahawia, kisha kijivu hafifu kama pumzi kwenye kioo. Kazi safi. Na tuseme ukweli, safi kuliko yake.

"Nitakuwa nimelipaka jana na usingizi wangu," alijiambia, akaenda kupiga mswaki. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Huyu alikuwa fundi wa meno ya bandia. Daktari ndiye aliyeng'oa. Yeye, katika kichumba nyuma ya kliniki, alitengeneza ya kurudishia. Na siri ya kazi hiyo ni moja: jino jipya, jeupe pe, lisilo na doa, kila mtu anajua si lako. Kwa hiyo akishalichonga hulichafua. Hulitia rangi ya chai pale linapokutana na ufizi, hulichora ufa mwembamba kama unywele, huisaga ncha kidogo kana kwamba imetafuna miaka mingi, na mzee aliyeingia kibogoyo hutoka akicheka kwa meno ya uzee wake mwenyewe.

Mkono huohuo aliuhamishia kwenye ndege. Ilikuwa ndege ya kivita ya zamani, ya propela, mfano mkubwa hasa, mabawa yake hayapiti mlangoni ila ilazwe ubavu. Aliinunua ikiwa mamia ya vipande vya plastiki ndani ya sanduku, akaijenga karibu mwaka mzima. Alikata hata mikanda ya kiti cha rubani, kutoka kwenye tyubu tupu ya dawa ya meno, ikafungika na kufunguka. Rubani mwenyewe hakumweka, maana kuchonga sura hakujui, na kiti kitupu alikiona kinapendeza zaidi. Kilichobaki kilikuwa kuichakaza: ionekane imepigana, imenyeshewa, imevuja mafuta.

Mkewe, mwalimu wa hesabu, alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili za kabla yake ziliharibika, na hii ya tatu waliiogopa kiasi kwamba hata jina la mtoto hawakuwa wamethubutu kulitafuta. Chumba cha nyuma ndicho kingekuwa chake. Ahadi ilikuwa ndege iishe, itoke, kuta zipakwe upya.

"Rubani," mkewe alisema akiwa mlangoni, mkono kiunoni. Alimwita hivyo kwa utani, kwa kuwa mume wake hajawahi kupanda ndege hata ya kukodi. "Hiki chumba nakitaka."

"Bado kuichakaza tu, mke wangu."

"Ungeniachia mimi niifue pamoja na mashuka. Ingechakaa kwa siku moja." Kisha akakunja uso. "Na acha kulamba hiyo brashi! Ufe kwa sumu, mwanangu akose baba?"

Tabia hiyo alikuwa nayo. Ncha ya brashi ikitawanyika, huipitisha ulimini ichongoke. Wote wanaopaka vitu vidogo wanajua ni vibaya, na wote wanafanya.

Lakini lipo jambo alilomficha. Siku chache kabla ya doa lile, kisu kilimteleza kikamkata kidole gumba, damu ikadondoka kwenye bomba la moshi. Alipokwenda kutafuta kitambaa na kurudi, ilikuwa imeshakauka, na akabaki ameitumbulia macho. Ilikuwa rangi ileile ya kutu ya moto aliyoihangaikia muda wote ule, akichanganya kopo hili na lile bila kuipata. Mtu mwenye akili zake angeifuta. Yeye alikikamua kidole, akachanganya damu na masizi ya sufuria, akayapaka mabomba yote, analamba brashi, anapaka, analamba, anapaka, furaha imemjaa kama mtoto.

Baada ya doa la kwanza yakaja mengine. Mafuta yalionekana yamechuruzika chini ya injini. Kesho yake bawa la kushoto lilikuwa limebabuka rangi, karibu kabisa na kiwiliwili, pale rubani anapokanyaga ili apande. Fundi aliinama akalitazama kwa lenzi yake ya kazini. Haikuwa rangi iliyokwanguliwa kwa kisu. Ilikuwa imelika kwa kukanyagwa. Akatazama ndani, akaona mikanda ya kiti imefungwa, imejaa, imekaza, kama imeshika kifua.

"Umeigusa ndege yangu?" alimuuliza mkewe jikoni.

"Niiguse ina nini? Mimi na harufu ile tunatazamana kwa mbali."

"Ya rangi?"

"Si rangi. Mafuta yaliyoungua." Akashusha sauti. "Na kitu kama nywele."

Ukaja mngurumo. Mkewe aliusikia kwanza, jioni, akisahihisha madaftari ya wanafunzi: brrrr, kama mtu anayetetemesha midomo, wanavyofanya watoto wakicheza magari. Alicheka peke yake, akasema lo, mume wangu kazeeka kurudi nyuma. Akagonga ukuta amtanie. Mngurumo ukakatika. Kisha ukuta nao ukagongwa kutoka upande wa pili, polepole, na wakati huohuo alimwona mumewe kupitia dirishani, uani, anamwaga takataka.

Alimwambia. Mumewe akasema ni panya. Panya gani huyo mwenye adabu ya kujibu hodi, mkewe aliuliza, lakini hakucheka, na usiku ule walilala na taa inawaka.

Jumamosi ilinyesha mvua ya ghafla mchana, umeme ukakatika, nyumba ikawa na giza la maji. Mkewe alikumbuka nguo kwenye kamba.

"Rubani! Njoo unisaidie kuanua!"

"Naam," ikaitika sauti ya mumewe kutoka chumba cha nyuma.

"Fanya haraka, zinalowa!"

"Nakuja."

Alisimama ukumbini akingoja, ameshika kikapu, na alipokuwa bado anangoja mlango wa mbele ukafunguliwa akaingia mumewe, ametota, mkate ameuficha ndani ya shati usilowe, anamcheka kwa kusimama gizani, naye mkewe akamshika mkono na kumvuta karibu, kwa sababu kutoka nyuma, safari hii karibu zaidi, nyuma tu ya mlango wa chumba, sauti ileile ya mume aliyekuwa amemshika mkono ilisema tena, bila haraka, "Nakuja."

"Umesikia?" alinong'ona mke.

"Nimesikia."

"Ni wewe."

"Si mimi. Nyamaza."

Fundi hakuwa shujaa, na hapa tusimpambe. Mkate ulimdondoka, akautazama mlango wa mbele. Lakini tumbo la mkewe lilikuwa limegusa kiwiko chake, na ndilo lililomfanya ausogelee mlango, akausukuma kwa kidole kimoja, akaona ndege aliyoiacha inatazama dirisha sasa pua yake imeelekea mlangoni, inawaelekea wao, na kioo cha juu ya kiti kimefunga ukungu kwa ndani kama kioo cha gari lililolaliwa na mtu usiku kucha, na katikati ya ukungu ule, walipokuwa wanatazama, kitu kikafuta mahali padogo, padogo kama punje ya mchele, mtu apate kuchungulia.

Mkewe akajishika tumbo. "Hachezi," alisema. "Mume wangu, mtoto ameacha kucheza."

Walikimbilia kliniki ya wazazi palepale kwenye mvua. Mkunga alisikiliza kwa muda mrefu, akasema mapigo yapo, ila yamefifia, akae kitandani, warudi kesho. Hawakwenda nyumbani. Walikwenda kwa mama mkubwa wa mke, naye alipomaliza kuwasikiliza hakupoteza muda kushangaa. Alimtuma mtu amwite Bi Kikohozi.

Bi Kikohozi aliuza mitumba, na majini aliyatoa pale biashara ya nguo ilipolala. Asubuhi alikwenda nao mpaka nyumbani kwao, maana mke alikataa kubaki kitandani. Alikuwa mfupi, mkali, anakohoa.

"Ngazi zenu zitaniua kabla ya hilo lenu," alisema. Chumbani hakuingia. Alisimama kizingitini, akanusa mara moja, akarudi nyuma. "Nani kamlisha?"

Fundi akatazama viatu vyake.

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Na wewe unataka kuzaa. Sema."

Akasema. Kidole, damu, masizi, mabomba ya moshi. Mkewe alimsikiliza mdomo wazi.

"Damu yako? Kwenye mdoli?"

"Ilikuwa rangi nzuri," alijibu, akasikia mwenyewe jinsi lilivyotoka vibaya.

Bi Kikohozi alikohoa mpaka akaegemea ukuta. "Umemjengea nyumba. Umemwekea kiti kitupu. Umemkatia mkanda asianguke. Halafu ukamkaribisha chakula. Ungekuwa wewe ungeondoka?"

"Anataka nini?" aliuliza mke.

"Kaonja damu ya baba, sasa anajua harufu ya kila mwenye damu hiyo. Amechoka kuwa pumzi, anataka mwili." Hakulitazama tumbo, na kwa kutolitazama wote wawili walielewa. Akamgeukia fundi. "Leo, jua likiwapo, kila kilichoguswa na damu ile kichomwe. Kila kitu. Mimi kazi yako siijui. Wewe ndiye unayejua ilipita wapi. Fikiri vizuri."

Fundi alifikiri. Alibeba ndege, na visu, na vitambaa, na sufuria yenye masizi, na makopo ya rangi, na brashi zote, mpaka zile mpya. Alivipanga ndani ya pipa la bati uani, mabawa yamejitokeza nje, akamwaga mafuta ya taa. Bi Kikohozi alitia uvumba, akaanza kusoma chini kwa chini. Kiberiti akakiwasha fundi mwenyewe.

Plastiki ilishika kwa moshi mweusi mzito, mabawa yakajikunja kuelekea juu, na propela, ambayo hakuna aliyeigusa, ikaanza kuzunguka, kwanza kwa uvivu kisha kwa kasi, na mngurumo ule wa midomo ukatoka ndani ya pipa ukipanda na kupanda mpaka mabati ya uzio yakatetemeka, na katikati ya mngurumo sauti ya fundi ikalia, "Mke wangu! Naungua! Nitoe, mke wangu!" kwa uchungu wa kweli kabisa, naye mkewe alipiga hatua moja kuelekea motoni kabla hajageuka na kumwona mumewe pembeni, ameuziba mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yanamtiririka.

Kisha kimya. Pipa likawa pipa tu linaloungua.

Mke aliketi chini, palepale kwenye vumbi. Akashtuka. Akacheka, akalia, akauvuta mkono wa mumewe akauweka tumboni. Mtoto alikuwa anapiga mateke kama mwenye kesi na dunia. Fundi hakuwahi kufurahi vile maishani mwake, wala hakuona aibu kulia mbele ya wanawake wawili na pipa.

Binti alizaliwa salama, mnene, na jina wakamtafutia siku ileile. Chumba cha nyuma kilipakwa rangi ya manjano. Bi Kikohozi alikuja kumtazama, akamnusa utosini kwa muda, akatabasamu, akamuuzia mama yake gauni tatu za mtumba.

Mtoto alipofika umri wa kula, uji wa jioni alilishwa na baba, mama akiwa jikoni. Fundi aliipenda zamu hiyo kuliko kazi zote. Alichota kijiko, akakigusa kwa ncha ya ulimi asije akamuunguza, kisha akampa. Akachota, akagusa, akampa. Mtoto alikula vizuri, na akishiba alitetemesha midomo, brrrr, kama watoto wote.

Jioni moja kijiko kiligonga kitu kigumu.

"Jino!" fundi alipiga kelele. "Mke wangu, mtoto ameota jino!"

Jikoni kukasikika kicheko na kifuniko kuanguka. Fundi aliivuta taa karibu, akaushusha mdomo wa binti yake kwa kidole gumba, taratibu, kama anavyowafanyia wateja, akainama.

Lilikuwa jino dogo, la mtoto. Ncha yake ilikuwa imelika. Ufa mwembamba kama unywele ulishuka katikati. Pale lilipokutana na ufizi palikuwa na doa, jeusi mwanzoni, kisha kahawia, kisha kijivu hafifu kama pumzi kwenye kioo. Kazi safi. Aliujua mkono ule, maana ulimshinda tangu mwanzo. Na pumzi ya binti yake, iliyompiga usoni, ilinuka mafuta yaliyoungua.

Alianza kuhesabu vitu alivyochoma. Ndege. Visu. Vitambaa. Makopo. Brashi zote, zile alizokuwa akizilamba. Kijiko kilikuwa bado mkononi mwake, na kwenye ncha ya ulimi alikuwa bado anasikia ladha ya uji.

"Limetoka la chini au la juu?" mkewe aliuliza kutoka jikoni. Akaita tena: "Rubani?"

"Naam," ikaitika sauti ya fundi. "Nakuja."

Fundi alikuwa hajafungua mdomo.